Kuni za Shangazi, Lori Hamna: Mgongo Wako Utalipa Kiasi Gani?

Hebu tuseme hivi. Shangazi yako anakaanga samaki pale Feri, Magogoni. Kuni zimekwisha. Kwa bahati amepata mwembe mzima uliokatwa ng'ambo, upande wa Kigamboni. Mwenye kiwanja anataka kujenga na anasema kuni hizo ziwe zimeondoka kabla ya mwezi ujao kwisha. Bei ni ya kutupwa. Tatizo ni moja tu: lori hamna. Lori la kukodi lingebidi lizunguke na Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016 kule Kurasini, na gharama yake ingemeza faida yote ya samaki. Basi shangazi anakutazama wewe. Uko kidato cha pili, umeshiba chai na maandazi, na wiki iliyopita ulijisifu mbele ya watu kwamba una nguvu.

"Mwanangu, si utanisaidia na wenzako?"

Utasema hapana? Huwezi. Wala sisi hatutaki useme hapana. Tunataka kuni zote zifike Feri, na wewe ufike ukiwa na mgongo ule ule uliotoka nao nyumbani. Inawezekana, ila inataka hesabu kabla ya nguvu.

NUSU YA MZIGO NI MAJI

Mti uliokatwa jana una maji mengi kuliko unavyodhani. Kwa kawaida karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji. Tuseme rundo la shangazi lina kilo 400. Humo ndani mna kama kilo 200 za mti wenyewe na kilo 200 za maji. Kilo 200 za maji ni lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20. Sasa jiulize, kuna mtu mwenye akili timamu atakayesukuma madumu kumi ya maji kutoka Kigamboni mpaka Feri, halafu akayatie jikoni chini ya karai la mafuta?

Ndiyo maana haraka haifai hapa. Mmepewa muda, utumieni. Pasueni magogo kule kule yaliko. Yakateni kwa urefu wa jiko la shangazi, maana yatakatwa tu mwishoni. Kwa nini mbebe gogo zima halafu mlipasulie nyumbani? Wekeni vijiti viwili chini ili kuni zisiguse udongo, kisha zipangeni kwa kupishanisha upepo upite katikati. Baada ya wiki kadhaa za jua la Dar es Salaam, mambo yanabadilika. Maji yakipungua hadi kubaki sehemu moja ya tano ya uzito, zile kilo 400 zinakuwa kilo 250. Kilo 150 zimeondoka bila mtu kutokwa jasho. Tena moto haukupungua, umeongezeka, kwa sababu kuni mbichi hula sehemu ya moto wake kuchemsha maji yake yenyewe.

Na kuna jambo la moshi. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na anayeuvuta si wewe uliye darasani, ni shangazi aliyeinama juu ya karai tangu asubuhi. Macho mekundu na kikohozi kisichoisha si "kawaida ya kazi". Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Siku hiyo ikifika pale Feri tutashukuru. Kwa leo, kuni zikauke.

MGONGO NI WENZO

Mwalimu wa fizikia amekufundisha wenzo: kuna egemeo, kuna mzigo, kuna jitihada. Pengine ulidhani ni habari za mtaimbo na jiwe tu. Kumbe wenzo mmoja unao mwilini na unautumia kila siku. Egemeo ni pingili za kiunoni. Jitihada ni misuli ya mgongo, ambayo iko kama sentimeta 5 tu nyuma ya egemeo. Mzigo ni gogo ulilolishika mbele yako.

Chukua kalamu. Gogo lina kilo 20. Umeliinamia, miguu imenyooka, mikono imenyooka, gogo liko sentimeta 50 mbele ya pingili. Zidisha 20 kwa 50, unapata 1,000. Gawanya kwa 5. Misuli yako inavuta kama inayoinua kilo 200! Na hapo hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako, ambavyo navyo vimeinama.

Sasa lile lile gogo, umechuchumaa, umelikumbatia karibu na tumbo, sentimeta 20 tu. Zidisha 20 kwa 20, gawanya kwa 5. Kilo 80. Gogo halijabadilika. Kilichobadilika ni mahali ulipolishika, na umeokoa kilo 120 ambazo zingeshuka juu ya visahani laini vilivyo kati ya pingili na pingili. Visahani hivyo ndivyo vinavyofanya mgongo ukunjike. Kimoja kikipasuka kinaweza kuminya mshipa wa fahamu, na hapo maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi mguuni kama umeme. Wapo watu wazima wanaotembea kwa kupinda hadi leo kwa ajili ya sekunde tatu za kuinua kitu vibaya ujanani.

Kwa hiyo: sogea karibu na gogo, mguu mmoja mbele kidogo, chuchumaa, lishike, livute mwilini, kisha simama kwa nguvu za mapaja. Mapaja ndiyo misuli mikubwa mwilini, yaache yafanye kazi. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usikunje kiuno huku umeshika mzigo. Kosa hilo linaumiza wengi. Gogo likiwa refu usilinyanyue lote. Inua ncha moja, lisimamishe, kisha liegemeze. Na linaloweza kuviringishwa, viringisha. Hakuna atakayekupa cheti kwa kulibeba.

"Lakini mbona makuli wa Kariakoo wanabeba gunia la kilo 100?" Utauliza hivyo, tunajua. Wanabeba kweli, na wakati mwingine ni zaidi, gunia likiwa limeshonewa kofia juu, ile lumbesa ambayo serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado ipo. Lumbesa husemwa kuwa inamwibia mkulima. Inamwibia na mchukuzi pia, ila yeye hapimiwi kwa mizani. Sasa linganisha. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika hesabu yake ya mwaka 1991, iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua kwa mikono hata pale kila kitu kinapokuwa sawa: mzigo uko karibu na mwili, unashikika vizuri, hakuna kujipinda. Hayo ni ya watu wazima. Wewe mifupa yako bado inarefuka, na sehemu zinazorefuka ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelitambua hilo: imetaja uchukuzi wa mizigo mizito miongoni mwa kazi za hatari ambazo mtu wa chini ya miaka 18 hapaswi kuajiriwa nazo. Kumsaidia shangazi si ajira, ni kweli. Ila kiuno hakijui tofauti.

Kwa kuni za shangazi, mafungu ya kilo 10 hadi 12 yanatosha. Kilo 250 ni mafungu kama 22. Mkiwa watatu, kila mmoja ana mafungu saba au nane ya kupakia. Ni kazi ya asubuhi moja, tena mkipiga stori.

KICHWANI JE?

Dada zetu na mama zetu hubeba kuni kichwani, na wengi wetu tunadhani ni desturi tu. Mwaka 1986 watafiti wa Nairobi na Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, wakitembea na mizigo huku hewa wanayovuta ikipimwa. Waligundua kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu ya ziada ya kutembea. Bure kabisa! Ukizidi hapo, gharama inaanza kupanda kadiri mzigo unavyopanda.

Asilimia 20 ya mtu wa kilo 50 ni kilo 10. Unaona inavyokutana na lile fungu letu? Lakini zingatia neno "aliyezoea". Wale wanawake walibeba tangu utotoni, na mwendo wao umejifunza. Wewe kijana wa mjini uliyebeba mkoba wa shule tu, usianze siku moja na fungu kubwa kichwani. Shingo ina pingili nyembamba kuliko za kiuno. Weka kata (wengine huiita ngata) ya kanga iliyosokotwa vizuri, tazama mbele, tembea mahali pa tambarare, na mtu akutwishe na akutue. Mtu anaweza kuumia wakati wa kujitwisha mwenyewe, si wakati wa kutembea tu.

Na usimwachie dada yako kazi hii peke yake eti kwa sababu "wao wamezoea". Akiwa kwenye siku zake na tumbo linamuuma, apumzike, mwingine ashike fungu. Hilo halihitaji mjadala.

Mji wetu unaijua habari ya kubeba kupita kiasi, ila tumeisahau. Jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi. Waingereza waliuteka mji huu Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na wapagazi wa jeshi wakawekwa kambi pale ambapo leo kuna soko. Walibeba chakula na risasi kichwani, kama kilo 25 hivi kila mmoja, siku baada ya siku, kwa posho kidogo. Inakadiriwa kwamba wapagazi karibu laki moja wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki. Walioangushwa na risasi walikuwa wachache. Wengi waliondoka kwa kuhara damu, malaria, nimonia, njaa na uchovu. Mwili uliochoka, usiokula, usiokunywa maji safi, hauna cha kupigania ugonjwa. Ile Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale katikati ya mji inawakumbuka na wao.

MKOKOTENI UNA AKILI KULIKO BEGA

Mafungu yakishafika barabarani, kodi mkokoteni pamoja na mwenyewe. Usikodi mkokoteni peke yake ukajifanya fundi. Msalimie, "Shikamoo mzee," umweleze uzito kwa ukweli, kisha umsikilize, maana kazi hii ana digrii nayo.

Utamwona anapanga kuni nzito chini, juu ya ekseli, na nyepesi juu. Ana sababu. Uzito ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni inapaa na mvutaji ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Watu watacheka, lakini anaweza kuvunjika. Ukizidi mbele, anakuwa amebeba mzigo badala ya kuuvuta. Panapofaa ni pale ambapo mikono inakaa mkononi kwa uzito mdogo tu. Kisha kaza kamba, msijaze juu ya kichwa cha mvutaji, na tairi ziwe na upepo wa kutosha.

Sasa twende kwenye pantoni, na hapa msomaji tulia kidogo, maana mgongo sio tena hatari pekee.

Mkokoteni ukiwa tambarare unasukumika kirahisi. Kwenye mteremko, uzito wake unaanza kujivuta wenyewe. Hesabu ni rahisi: mteremko unaoshuka meta 1 kwa kila meta 10, sehemu moja ya kumi ya uzito inavuta kwenda chini. Kuni kilo 250 na mkokoteni wenyewe tuseme kilo 75, jumla 325. Kinachovuta ni kilo 32 na nusu, muda wote, bila kuchoka. Wewe unachoka. Ukiteleza kidogo unakuwa mbele ya kitu cha kilo 325 kinachokimbia kuelekea kwenye watu waliosongamana na watoto na ndoo za samaki.

Gawa mzigo safari mbili. Kuni kilo 125 na mkokoteni 75 ni kilo 200, kinachovuta ni 20. Hizo watu watatu wanazishika. Nauli mtalipa mara mbili, sawa. Ni nafuu kuliko kutibu mguu wa mtu.

Na mpangilie maji. Bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya meta 3 wakati wa bamvua. Maji yakipwa, mteremko wa kushukia kwenye pantoni unakuwa mrefu na sehemu ya chini ina utelezi. Maji yakijaa, safari ya kushuka ni fupi. Waulize wavuvi wa Feri, watakwambia saa bila kutazama kitabu. Epukeni pia asubuhi ya wanaokwenda kazini na jioni ya wanaorudi.

Wakati wa kushuka, wawili wanakaa nyuma na kamba wakirudisha, mvutaji anaongoza. Utaona mikokoteni mingine imefungwa kipande cha tairi kuukuu nyuma: mvutaji akiinua mikono juu, tairi linaburuzika chini na mwendo unapungua. Ndiyo breki yake. Mkisimama, mmoja aweke gogo nyuma au mbele ya gurudumu kufuatana na mteremko. Magogo mnayo tele! Usisimame kamwe kati ya mkokoteni na ukuta, gari au mkokoteni mwingine. Na vaa viatu vinavyoshika. Ndala kwenye simenti yenye maji ni kujitafutia.

Mtu akikushauri uzipakie kwenye pikipiki, magogo yamelala kushoto na kulia kama mabawa ya ndege, kataa. Gogo moja likigusa kioo cha daladala, mtageuka wote. Guta la matairi matatu ni jambo jingine, linafaa sana kutoka kituo cha pantoni mpaka jikoni, mradi dereva asizidishe mzigo na wewe usikae juu ya kuni.

UKIUMIA, USIONE HAYA

Kunyweni maji kabla hamjaona kiu, na mkojo ukiwa wa njano iliyokolea ongeza. Usitumie vidonge vya maumivu ili uweze kuendelea kubeba. Dawa kama diklofenaki haziponyi kilichochanika, zinakufumba macho tu usione, na mtu aliyekaukiwa maji anaweza kuumiza figo na tumbo lake. Mkanda mpana kiunoni nao haujathibitishwa kuzuia kuumia. Unachofanya sana ni kukupa kiburi.

Mgongo ukiuma kidogo siku ya pili, usilale wiki nzima. Pumzisha na mizigo, lakini tembea taratibu. Ukipata ganzi sehemu za siri, mguu kukosa nguvu, au mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Wavulana, hili ni lenu zaidi: uvimbe unaotokeza kwenye kinena ukibeba kitu au ukikohoa, na kurudi ndani ukilala, huenda ni ngiri. Si ugonjwa wa aibu, wala haukuletwa na mtu. Unatibiwa kwa upasuaji wa kawaida. Ukiwa mgumu, unauma sana na haurudi, usisubiri.

Halafu kuna vijeraha. Kibanzi kimeingia kidoleni, unakitoa kwa meno, yamekwisha. Hayajaisha. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na huingia hata kwa tundu la msumari. Osha kwa maji mengi na sabuni, na jeraha likiwa la ndani au lina uchafu nenda zahanati ueleze. Chanjo ya utotoni kinga yake hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo usiseme "mimi nilichanjwa". Na kabla ya kuingiza mkono kwenye rundo, ligeuze gogo kwa fimbo kwanza. Nge, tandu na nyoka hupenda kivuli cha kuni kuliko sisi tunavyopenda cha mwembe.

JARIBU MWENYEWE

Chukua fagio la mti mrefu na pakiti ya unga wa kilo 2. Funga unga karibu na mkono wako, inua. Kisha usogeze mpaka ncha ya mbali, inua tena kwa kushika pale pale. Andika ulichosikia kwenye kiwiko na kiunoni.

Halafu jipime uzito, utafute asilimia 20 yake, na upime mkoba wako wa shule.

Mwisho, rudi kwa shangazi. Tuseme amepata rundo la pili, kilo 600, bichi kabisa. Lina maji lita ngapi? Likikauka hadi maji yawe sehemu moja ya tano ya uzito, litabaki kilo ngapi? Kwa mkokoteni usiobeba zaidi ya kilo 125 za kuni, mtavuka mara ngapi? (Majibu: lita 300, kilo 375, mara 3. Zikibaki mbichi ni mara 5.)